Manyuali Inaisha Duniani, Halafu Sisi Tunang'oa Eabagi: Ukweli Kuhusu Stering za Michezo na Gia

Tuseme ni Ijumaa usiku, Thika Road, uko kwa mat unaenda zako Roysambu. WRX ya bluu inakuja kando yenu. Umeisikia kabla uione. Dirisha iko chini, dere ako na miaka 24 hivi, na kitu ya kwanza inakuvuta macho si rimu wala spoila. Ni stering. Ndogo, nyeusi, imeshonwa na uzi mwekundu, imezama ndani kaa bakuli. Katikati kuna kitufe cha honi tu, basi.

Unasema, "Manze, hiyo ni noma."

Mimi pia nilikuwa nasema hivo. Siku hizi nikiona stering kaa hiyo, naangalia kile hakipo. Pale kwa honi ndio eabagi ilikuwa inakaa, ule mfuko wa hewa wa kuokoa uso wako ukigonga. Mtu ametoa kitu ya kumwokoa, akaweka kitufe.

Leo nataka tuongee kuhusu vitu viwili ambavyo wasee wa magari wanapenda kuchanganya: stering ya michezo na uwezo wa kubadilisha gia. Moja unanunua. Ingine hakuna duka inauza. Na kuna sababu ya kuongea hii story sasa, si mwaka ujao.

Kwa nini hii story ni ya sasa

Magari ya spoti ya manyuali yanaisha, buda. Si uvumi.

Mitsubishi waliachana na Lancer Evolution 2016. Subaru wakasimamisha WRX STI ya Japani mwishoni mwa 2019, wakaiaga injini ya EJ20 na toleo la mwisho la magari 555 pekee. Hiyo injini ilikuwa imepiga kazi tangu 1989. Baada ya hapo, ukienda Japani kuulizia WRX mpya ulikuwa unapewa WRX S4, na hiyo haikuwa na klachi kabisa. Volkswagen nao mwaka wa 2024 wakatoa manyuali kwa Golf GTI, sasa ni DSG peke yake.

Sasa weka hiyo kando ya sheria yetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Hiyo ni ile standadi ya KEBS, KS 1515. Piga hesabu na mimi: gari iliyosajiliwa Japani 2019 mwisho wake kuingia Mombasa ni 2026. Ya 2020 mwisho wake ni 2027. Na STI zilizosajiliwa 2020 ni chache sana, juu line ilikuwa tayari imefungwa.

Maanake ni nini? Ile STI ya manyuali ambayo ulikuwa unasema "nikiomoka nitaagiza", mlango wake unafungwa ukiona. Baada ya hapo, STI za kununua Kenya ni zile ziko hapa tayari. Zile zimepitia mikono mitatu, minne. Zile zimefanyiwa mods na kila fundi kutoka Kirinyaga Road mpaka Ruaka.

Bado kuna manyuali zingine, usinielewe vibaya. GR Yaris iko, GR86 iko, na kwa wale wetu wa doh kidogo kuna Suzuki Swift Sport ya turbo, lita 1.4, gia 6. Lakini kwa kijana wa Nairobi ambaye kwake spoti ni Subaru, kuanzia sasa soko ni la mtumba wa hapa hapa. Na kwa mtumba wa hapa, swali la kwanza halifai kuwa "inatoa horsepower ngapi?" Linafaa kuwa "nani ameguza nini kwa hii gari?"

Hapo ndio stering inaingia.

Stering ya michezo ni nini haswa

Twende pole pole, kuna wasee wamelipia hii kitu na hawajui wamenunua nini.

Majina makubwa karibu yote ni ya Italia: MOMO, Sparco, OMP, Nardi. MOMO ilianzishwa 1964 na Gianpiero Moretti, dereva wa mashindano, na jina lenyewe ni Moretti na Monza zimeunganishwa. Hizi kampuni zilianza kutengenezea watu wanaoshindana. Hiyo weka akilini, tutarudi hapo.

Stering ya kawaida ya gari iko karibu milimita 370 kwa upana. Ya michezo inakuja 350 ama 330. Ukipunguza duara, mkono unasafiri mfupi, gari inahisi kaa inajibu haraka. Lakini hakuna cha bure. Kutoka 370 kwenda 330, nguvu unayohitaji kukata kona inaongezeka karibu asilimia 12. Ukiwa na pawa stering huwezi sikia sana. Siku pawa ikikufia kwa kona, utasikia.

Halafu kuna kina, yaani ule umbo wa bakuli. Stering yenye kina cha milimita 90 inakuletea ukingo karibu na kifua. Kwa drifti inasaidia, unazungusha bila kunyoosha mikono. Kwa msee mrefu ambaye kiti ya gari haimtoshi, pia inasaidia. Kwa mtu wa kawaida anayeenda job Upper Hill, inafanya tu ukae vibaya.

Stering hizi haziingii kwa gari yako moja kwa moja. Unahitaji adapta ya katikati, ile mafundi wanaita bosi, iliyotengenezwa kwa modeli yako. Na hapo kuna mtego: MOMO na Sparco wanatumia bolti 6 kwa duara ya milimita 70. Nardi na Personal wanatumia 74. Tofauti ni milimita 4. Nimeona fundi akipanua mashimo na drili ndio zilingane. Nimeona kwa macho yangu. Ile kitu inashikilia maisha yako ikapanuliwa na drili ya kutoboa ukuta.

Alafu kuna kwiki rilizi, kile kifungo cha kuchomoa stering na mkono ukitoka kwa gari. Kwa gari ya mashindano iko na kazi mbili: dereva aingie na atoke bila kukwama kwa vyuma vya ndani. Kwa gari ya mtaani kazi yake ni kuingia nayo klabu uiweke kwa meza. Zile orijino zimetengenezwa vizuri na bado zinataka kuangaliwa zisilegee. Zile feki zinaanza kucheza baada ya muda, unasikia "tik-tik" ukipinda. Hiyo tik-tik ni onyo. Stering haifai kuwa na kitu inacheza.

Na feki ziko kila mahali, tusidanganyane. Nembo ya MOMO ni ya kubandika tu. Orijino hukuja na alama za uidhinishaji kwa nyuma ya spoku, ngozi imeshonwa sawa, na bei yake inakufanya ukae chini kwanza. Ukiuziwa MOMO kwa bei ya viatu, hiyo si MOMO. Ni bati yenye ngozi ya plastiki.

Mbona dereva wa rali hana eabagi?

Hii ndio hoja kila msee huniletea. "Buda, si Ogier na Rovanperä walikuja Naivasha bila eabagi?"

Kweli, hawana. Lakini angalia vile wamefungwa. Mkanda wa ncha sita unaowabana mabega, kiuno na mapaja. Kiti kilichomkumbatia mtu kichwa mpaka makalio. Helmeti. Kifaa cha kushikilia shingo kinachofungana na helmeti isitupwe mbele. Na kuzunguka hiyo yote kuna kizimba cha chuma. Mwili wake hauendi mahali. Hata ukimgonga na ukuta, uso wake haufiki kwa stering.

Wewe uko na mkanda wa kawaida wa kiwandani. Ule mkanda umetengenezwa ukuachilie uende mbele kiasi, makusudi, juu kuna mfuko unakungoja pale. Mkanda na eabagi ni timu moja. Mfuko unafumuka kwa muda wa chini ya sekunde 0.05, kabla ata ujue umegonga. Ukitoa mfuko na uache mkanda, kichwa bado kinaenda mbele vile kilipangiwa. Tofauti ni kwamba sasa kinapatana na chuma na bolti sita.

Ndio maana nakwambia: nusu ya mfumo wa mashindano na nusu ya mfumo wa mtaani haifanyi mfumo mmoja. Ni mashimo mawili.

Story ya binamu yangu

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikatikia njiani na sikurudi. Miezi kadhaa nilikuwa nashinda gereji ya anko, nikishika tochi na kuosha spana, na hapo ndio nilijulia magari. Kwa hivyo hii sikusoma mahali.

Binamu yangu alinunua Impreza ya mtumba. Sitataja aliyemuuzia. Gari ilikuwa safi, stering ya kiwandani, kila kitu iko mahali pake. Ukiwasha, taa ya eabagi kwa dashibodi inawaka sekunde chache halafu inazima, vile inafaa. Tukaipiga picha, tukaipost, tukaila nyama.

Miezi saba baadaye, Eastern Bypass, asubuhi na mvua, lori ikasimama ghafla mbele yake. Hakuwa anakimbia sana. Akaigonga nyuma. Eabagi haikufungua.

Ako hai, Mungu ni mwema. Lakini taya ilivunjika, meno manne yakaenda, na jicho la kushoto hadi leo linatoa machozi bila sababu. Anko alipofungua stering akapata kile kinachonifanya niandike hii story: ndani hakukuwa na mfuko. Kulikuwa na kifuniko kilichobandikwa na gundi, na kwa waya za eabagi mtu alikuwa ameunganisha resista. Kitu ndogo kaa punje ya mchele, ya shilingi chache.

Ile resista kazi yake ni moja. Inadanganya kompyuta ya gari kwamba mfuko uko. Kompyuta inapima ukinzani wa waya, inapata ohms mbili tatu vile inatarajia, inazima taa, inalala. Gari inaamini iko salama. Wewe unaamini gari.

Yawezekana mwenye gari wa kwanza aliweka stering ya michezo, akauza eabagi, alafu wakati wa kuuza gari akarudisha stering ya kiwandani bila mfuko. Yawezekana ilifumuka kwa ajali ya zamani na mtu akaona kununua ingine ni gharama. Hatutawahi jua. Kitu tunajua ni kwamba msee mmoja aliokoa pesa kidogo, na msee mwingine ambaye hawakuwahi patana akalipa na taya.

Na hiyo ndio shida yangu na ile "ni gari yangu, ni maisha yangu." Gari haikai yako milele. Utaiuza. Mtu atakuja na mathe wake waiangalie, watalipa na pesa za chama, na hautawaambia.

Sheria na bima zinasema nini

Hakuna karao atakusimamisha Kasarani juu stering yako ni ndogo. Lakini Traffic Act, Cap 403, inataka gari iliyo barabarani iwe katika hali ambayo haihatarishi mtu. Na honi lazima ilie. Wasee wengi wakibadilisha stering honi inakufa, hawafuatilii.

NTSA nao wamekuwa na rasimu ya kanuni zinazotaka hata magari ya kibinafsi ya zaidi ya miaka 4 yawe yanakaguliwa kila mwaka. Watu walipiga kelele, na wako na haki ya kuuliza nani atanufaika na hizo ada. Lakini ukiniuliza mimi, ukaguzi wa kweli, wa kufungua na kuangalia, ungempata mwenye ile resista kabla binamu yangu ampate. Ukaguzi wa kupeana kitu kidogo na kugongewa stampu haungempata. Shida yetu si kukosa karatasi.

Bima sasa. Ukichukua bima kubwa, wanakutaka useme mabadiliko yote ya maana umefanya kwa gari. Ukinyamaza na ugonge, wanaweza kusema hukusema ukweli, na hapo fidia inakuwa kizaazaa. Hiyo stering ya kuuza sura inaweza kukukosesha gari nzima.

Kama lazima ubadilishe, fanya hivi

Sijasema ukae na stering imechunika kaa ndizi ya juzi. Kuna njia za watu wazima.

Ya kwanza, shonea upya ile uko nayo. Kuna mafundi wa ngozi Nairobi wanajua hiyo kazi. Wanaweka ngozi nzuri, uzi wa rangi unayotaka, wanaongeza unene kidogo pale unashika. Eabagi haiguswi. Kwangu hii ndio thamani kubwa kuliko zote.

Ya pili, tafuta stering ya kiwandani ya modeli ya juu ya gari yako. Impreza ya kawaida inaweza chukua ya STI ya kizazi hicho hicho. Golf ya kawaida inaweza chukua ya GTI ama R, ile imekatwa chini, na ukiwa na DSG unapata na pedo za gia. Zinakuja na eabagi yake. Hakikisha plagi na mfuko vinalingana na gari yako, si kulazimisha. Mfuko wenyewe ukaguliwe: usiwe umefumuka, usiwe umefunguliwa.

Ya tatu, fundi akiguza stering, betri inatolewa kwanza na mnangoja dakika kadhaa. Eabagi iko na stima iliyobaki ndani na inaweza kumlipukia usoni. Fundi akiruka hiyo hatua, chukua gari yako uende.

Ya nne, ile stering ya bila eabagi iache kwa gari ya traki. Gari yenye kizimba, kiti na mikanda yake. Siyo ile unapelekea watoi shule.

Na kama unanunua mtumba, washa switchi bila kuwasha injini. Taa ya eabagi lazima iwake kwanza halafu izime. Isipowaka kabisa, mtu ametoa balbu. Ikiwaka na isizime, mfumo uko na shida, na kwa magari mengi hiyo inaweza maanisha hata mifuko mingine haitafungua. Na ikifanya vizuri, bado lipa fundi unayemwamini afungue aone mfuko na macho. Mashine ya kusoma kompyuta inaweza kudanganywa na resista. Macho ni ngumu.

Sasa tuongee gia, juu hapo ndio mod ya kweli iko

Hii ndio inaniuma. Msee atatumia pesa nyingi kwa stering, halafu ukimpa lifti ya kushuka Mai Mahiu na manyuali, mnafika chini breki zinanuka kaa mpira umeungua.

Shule ya udereva ilikufunza kupita mtihani. Ulisukuma kigari kwa ule ubao wa mji, ukajibu maswali, ukaendesha mita mia mbili, ukapewa leseni. Hakuna aliyekuonyesha vile giaboksi inafikiria.

Anza na mikono. Weka saa tatu na saa tisa, yaani kushoto na kulia kabisa. Uzuri ni kwamba ukisoma saa kwa Kiswahili ama kwa kizungu, ni pale pale tu. Ile ya zamani ya kushika juu, kaa saa nne na saa nane, mfuko ukifumuka unakurushia mikono yako mwenyewe usoni. Kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka katikati ya stering.

Mkono wa kushoto, ukimaliza kubadilisha gia, rudi kwa stering. Najua kupumzisha mkono kwa gia kunakaa fiti kwa video. Lakini ule uzito unasukuma uma za ndani ya giaboksi, zinasugua mahali hazifai kusugua. Na una mkono mmoja kwa kazi ya miwili.

Mguu wa kushoto pia. Ukishatoa klachi, toa mguu kabisa. Kuuacha umegusa kidogo ni kuchoma klachi pole pole, na kule Waiyaki Way saa kumi na moja jioni ndio inaisha.

Sasa kushusha gia. Chukua mfano rahisi. Gia ya nne ina uwiano wa 1.0 na ya tatu 1.4. Uko ya nne, injini ni 3,000. Kwa spidi hiyo hiyo, gia ya tatu inataka injini iwe 4,200. Ukikanyaga klachi, injini inashuka mpaka 1,000 hivi. Ukiachilia klachi hapo, nani anainua injini kutoka 1,000 hadi 4,200? Ni klachi na tairi zako. Ndio maana gari inaruka kaa mbuzi. Kwa lami kavu unaaibika tu. Kwa lami yenye mvua, tairi zinaweza kuteleza katikati ya kona.

Dawa yake: klachi chini, gia ya tatu, gonga mafuta kidogo injini ipande karibu na 4,200, halafu achilia klachi. Ukipatia, gari haisemi kitu. Inaingia kaa kisu kwa siagi. Hiyo kitu ni bure, na ndiyo inatofautisha dere na abiria aliyekaa kiti ya dere.

Ukishazoea, ndio unaenda ile ya mguu mmoja pedali mbili: mbele ya mguu wa kulia iko kwa breki, ukingo wake unagonga mafuta, na wa kushoto uko kwa klachi. Inachukua miezi. Anza gari ikiwa imesimama, injini imezimwa. Usianzie Expressway.

Kosa la kuogopa ni hili: uko gia ya tatu, 6,000, unataka ya nne, kwa haraka unavuta ya pili. Kwa uwiano wa 2.0, injini inalazimishwa kwenda karibu 8,600. Ile kompyuta ya kukata mafuta haikusaidii, juu si mafuta inazungusha injini, ni tairi. Valvu zinapatana na pistoni na hapo umenunua injini. Kwa hivyo usibane kishikio kaa unaua nyoka. Shika na kiganja wazi, sukuma upande unaotaka, acha springi ya giaboksi ikuongoze.

Na kwa mteremko, gia ndio breki yako ya kwanza. Shuka na ya tatu ama ya pili, injini ikushikilie, breki zikae baridi. Usiwahi toa gia eti unaokoa mafuta. Ukiuliza mtu yeyote wa Nakuru kuhusu Salgaa, atakueleza malori yaliyoshuka bila gia yaliacha nini pale.

Kitu ya mwisho hapa. Unajua tangu 2022 magari ya juu ya WRC yaliondolewa zile pedo za gia nyuma ya stering? Madereva walirudishiwa kishikio cha mkono, gia 5, kuvuta na kusukuma. Wakati sisi tunang'ang'ana kuweka pedo za kuonekana, wale tunaowaiga wanavuta gia na mkono kule Sleeping Warrior.

Basi nifanye nini na hii moto yote?

Ipeleke mahali inafaa. Kiamburing TT barabara inafungwa, kuna saa, kuna ambulensi, na unapata kujua ukweli kuhusu wewe na gari yako. Kuna Whistling Morans kule Athi River. Helmeti si aibu. Aibu ni kuuliza mathe wa wenyewe msamaha kwa matanga. Barabara zetu zinachukua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wengi wao ni wa kutembea kwa miguu na wa boda, watu hawajui hata WRX ni nini.

Mimi sina gari. Nasema ukweli. Nikipata, itakuwa manyuali, na nitaitafuta kabla hizi za mwisho ziishe. Stering nitaacha ile ilikuja nayo, nishonee uzi wa bluu kwa heshima. Halafu siku ya kwanza kabla nipige picha hata moja, nitamwita anko atoe betri, tungoje, afungue pale katikati.

Binamu yangu atakuwa amesimama kando akiangalia. Yeye siku hizi hakubali kukaa kiti ya mbele kabla aone huo mfuko na macho yake.

Wewe wako umewahi uona?